Matairi Makubwa Kwenye Vani za Kimarekani

Kufunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani ni desturi iliyoenea miongoni mwa wenye vani wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na historia yake ina vipindi viwili vinavyotofautiana sana. Katika kipindi cha kwanza watu walitafuta upana: tairi nene la nyuma, lenye maandishi meupe ubavuni, lililochomoza nje ya bodi ili lionekane. Katika kipindi cha pili walitafuta kimo: tairi refu la kuinua ekseli juu ya mawe na tope. Cha kwanza kilikuwa cha mapambo, cha pili cha kazi, ingawa mafundi wa pande zote mbili walihangaika na mambo yaleyale ya nafasi, gia na breki.

Gari lenyewe halikuundwa kwa lolote kati ya hayo mawili. Econoline ya Ford, iliyoingia sokoni kama toleo la 1961, ilikuwa sanduku la kubebea mizigo mjini, lililojengwa kwa vipuri vya gari dogo la Falcon. Dereva alikaa juu ya magurudumu ya mbele, injini ikiwa katikati ya viti viwili, na mbele ya miguu yake hapakuwa na kitu ila bati. Uzito uliegemea mbele kiasi kwamba Ford ilifunga kipande cha chuma cha kilo 75 hivi upande wa nyuma ili gari litulie. Chevrolet ilijaribu kwanza vani ya Corvair yenye injini nyuma, kisha mwaka 1964 ikatoa Chevy Van ya pua bapa. Dodge nayo ikaleta A100 mwaka huohuo. Matairi ya magari haya yalikuwa madogo na membamba kama ya gari la familia, na nafasi za magurudumu ndani ya bodi zilikatwa kuyatosha hayo tu. Aliyetaka tairi kubwa hakuwa na pa kuliweka.

Nafasi ilipatikana injini iliposogezwa mbele. Ford ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaipa Econoline boneti fupi na mfumo wa mbele wa mihimili miwili ya chuma iliyopishana, kila gurudumu likishikwa na mhimili wake. Mwaka 1971 General Motors na Dodge walitoa vani mpya kabisa, na mwaka 1975 Ford ikaenda mbali zaidi kwa kuiweka Econoline juu ya chesisi inayojitegemea, kama lori. Matoleo haya yalikuwa na injini za silinda nane, ekseli nzito na matao mapana ya magurudumu. Jambo la pili lililowafaa mafundi ni kwamba hayakubadilika haraka. Vani ya GM iliendelea na umbo lilelile hadi 1996, Dodge ya mfululizo wa B hadi 2003, na Econoline, pamoja na marekebisho yake, iliuzwa kama vani kamili hadi 2014. Kipuri kilichobuniwa na gereji moja kiliweza kuuzwa kwa miaka ishirini, na makosa ya mmoja yakawa elimu kwa wengi.

Vijana wa California ndio waliozichukua vani hizi kwanza kutoka kwa mafundi bomba na wauza mikate. Vani ya mtumba ilikuwa rahisi, ilibeba mbao za kuchezea mawimbi, na nyuma yake ilitosha godoro. Walizivika zulia ukutani, wakatoboa madirisha ya duara, wakachora majangwa na mbwamwitu ubavuni, na chini yake wakafunga matairi mapana. Mkutano wa kwanza wa kitaifa wa wenye vani ulifanyika Tiger Run, Colorado, mwaka 1973, na baada ya hapo magazeti, vilabu na maduka ya vipuri yakafuata. Viwanda havikukaa kando. Mwaka 1976 Ford iliuza Econoline iliyopambwa tayari kwa jina la Cruising Van, na Dodge ikatoa Street Van iliyokuja na ringi za mapambo, michoro ya kumsaidia mnunuzi kuipamba zaidi, na uanachama katika klabu yake iliyoitwa Van Clan. Ni nadra kiwanda kumkabidhi mteja gari jipya pamoja na maelekezo ya kulikata.

Tairi lililotamaniwa wakati huo liliandikwa L60-15. Mtindo wa kupima kwa herufi ulikuwa umeingia mwishoni mwa miaka ya 1960. Herufi ilionyesha uwezo wa kubeba, na kadiri ilivyokuwa mbele zaidi katika alfabeti ndivyo tairi lilivyokuwa kubwa. Namba 60 ilimaanisha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana. 15 ilikuwa kipenyo cha ringi kwa inchi. Waliotaka zaidi walinunua N50-15. Mengi ya matairi haya yalikuwa ya nyuzi za mshazari, muundo wa zamani ambao kashata zake hujikunja gari linapokata kona. Michelin ilikuwa imepata hataza ya tairi la radiali, lenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, tangu 1946, lakini Wamarekani walichelewa kulikubali. Gari la kwanza la Marekani kutoka kiwandani na radiali kama matairi yake ya kawaida lilikuwa Lincoln Continental Mark III ya 1970.

Tairi pana halikuingia bila hila. Njia ya kwanza ilikuwa kubadilisha ringi na kuweka yenye kina kikubwa upande wa nje, ili unene wote uliozidi utokee nje ya bodi badala ya kugusa springi ndani. Ya pili ilikuwa kuinua nyuma kwa shokapu za upepo, zilizojazwa kwa pampu ileile ya matairi, au kwa kurefusha vishikio vya springi. Ya tatu ilikuwa msumeno: bati lililozunguka gurudumu lilikatwa na mahali pake pakawekwa ukingo mpana wa faiba. Kila njia ilidai malipo yake. Gurudumu lililosogea nje liliongeza mzigo kwenye beringi, kwa kuwa uzito haukukaa tena pale ilipokusudiwa. Shokapu za upepo zilibebesha uzito wa gari vishikilio vilivyotengenezwa kuzuia mtikisiko tu, na vingine vikapasuka. Vani iliyoinuliwa nyuma na kuachwa chini mbele ilipendeza kwenye picha, lakini usukani wake ulibadilika tabia. Sheria za majimbo mengi zilitaka madigadi yafunike upana wote wa kashata, na hapo polisi wa barabarani walipata kazi.

Balaa kubwa zaidi la enzi hiyo lilitokana na nusu inchi. Vani nzito na malori madogo ya miaka ya 1970 mara nyingi yalitoka na ringi za inchi 16.5, zilizotumia matairi yasiyo na tyubu ya vipimo kama 8.75-16.5 na 9.50-16.5. Kalio la ukingo wa tairi kwenye ringi hizo lina mteremko wa nyuzi 15, wakati ringi ya inchi 16 ina mteremko wa nyuzi 5. Tairi la inchi 16 linaweza kusukumwa likaingia kwenye ringi ya 16.5, na kwa macho hakuna kasoro. Lakini ukingo haukai mahali pake. Fundi huongeza upepo akitegemea kusikia mlio wa tairi kukaa. Badala yake waya wa chuma ulio ndani ya ukingo hukatika, na tairi hupasuka kama bomu. Watu walijeruhiwa vibaya na wengine kufa, na maonyo yakachapishwa kwa miaka mingi kwenye kuta za gereji na ubavuni mwa matairi yenyewe. Mwenye vani aliyetaka tairi kubwa la inchi 16 alilazimika kununua ringi mpya kwanza. Siku hizi ringi za 16.5 zimebaki kwa magari ya zamani na baadhi ya magari ya kijeshi, yakiwemo Humvee za jeshi la Marekani zenye matairi ya 37x12.50R16.5.

Kipindi cha pili kilichimbuka jangwani. Mwaka 1963 wanaume wawili wa kusini mwa California walianza, kila mmoja kivyake, biashara ya matairi mapana. Dick Cepek aliuza matairi ya mashambani kwa madereva wa mchangani, baada ya kugundua kwamba tairi pana lenye upepo mdogo huelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Mickey Thompson, aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kuvuka maili 400 kwa saa juu ya ardhi, huko Bonneville mwaka 1960, alifungua kampuni ya matairi ya mashindano. Mbio ndefu za Baja California nchini Mexico, zilizoanza 1967, ziliwapa wote wawili uwanja wa majaribio. Kisha mwaka 1976 BFGoodrich ilitoa Radial All-Terrain T/A, radiali ya malori madogo iliyoweza kwenda lami na porini kwa matairi yaleyale. Hapo ndipo vipimo vya aina ya 31x10.50R15 vilipozoeleka: kipenyo cha tairi zima, upana wake, na ringi, vyote kwa inchi. Kwa mtu anayetaka kujua kama tairi litaingia, mtindo huu ni mwepesi kuliko mwingine wowote, kwa kuwa kimo kinasomwa moja kwa moja bila kupiga hesabu.

Vani hazikuwa na ekseli ya mbele inayoendeshwa na injini, na tairi refu peke yake halikuzifikisha mbali. Kampuni ndogo ziliziba pengo hilo. Pathfinder ya California ilizigeuza vani za Ford na nyinginezo kuwa za kuendeshwa na magurudumu manne katika miaka ya 1970. Quigley ya Manchester, Pennsylvania, ilianza kazi hiyo katika miaka ya 1980 na kuikuza hadi vani mpya zikawa zinapitia kwake kabla ya kufika kwa muuzaji. Sportsmobile, iliyoanzishwa Indiana mwaka 1961 kwa kugeuza vani kuwa nyumba za safari, ilikuja kuunda Ford za magurudumu manne zenye paa linaloinuka katika karakana yake ya Fresno. Wateja walikuwa tofauti kabisa na wale wa mazulia na michoro. Walikuwa watu wa umeme na simu wanaofuata nguzo milimani, waokoaji, wapanda milima, na wastaafu wenye muda na fedha.

Mihimili miwili ya Ford iliwapa mafundi hawa kazi ya ziada. Kila mhimili huning'inia kutoka upande wa pili wa chesisi. Gari likiinuliwa, ncha yenye gurudumu hushuka na sehemu ya juu ya tairi huinamia nje. Tairi huanza kulika ukingo wa nje, na bushi za kurekebisha mwinamo husaidia kwa kiasi kidogo tu. Suluhisho la kati lilikuwa kushusha vishikio vya mihimili kwa kadiri ileile gari lilivyoinuliwa. Suluhisho kamili lilikuwa kuitoa mihimili yote na kuweka ekseli nzima, mara nyingi Dana 60, iliyobeba difu ndani yake. Ekseli hiyo haibadilishi mwinamo wa tairi hata gari likiinuliwa, na ndiyo sababu Econoline zenye matairi makubwa kupita yote karibu zote zina ekseli nzima mbele.

Hesabu ya tairi lenyewe ni fupi, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. E-350 ya miaka ya 2000 ilitoka kiwandani na LT245/75R16. Ubavu wake ni asilimia 75 ya milimita 245. Ukijumlisha mbavu mbili na ringi ya inchi 16, kipenyo ni milimita 774, yaani inchi 30.5. Hatua iliyopendwa na wengi ni 265/75R16 yenye milimita 804, na inayofuata ni 285/75R16 yenye 834. Hii ya mwisho imezidi ya kiwandani kwa milimita 60, lakini gari lenyewe hupanda milimita 30 tu, kwa sababu nusu ya nyongeza iko juu ya ekseli. Wengi waliofunga matairi makubwa kwa kutaka kimo walikuta wamepata nusu ya walichohesabu, wakarudi kununua springi.

Kipima mwendo nacho huanza kudanganya. Mshale ukisimama kwenye kilomita 100 kwa saa, vani yenye 265 inakwenda karibu 104, na yenye 285 inakaribia 108. Odomita hupunguza kilomita kwa kiasi hichohicho, hivyo mwenye gari hudhani mafuta yanaliwa zaidi kuliko yanavyoliwa kweli. Katika vani za zamani, ambapo waya wa kipima mwendo ulizungushwa na gia ndogo ya plastiki ndani ya giaboksi, dawa ilikuwa kubadilisha gia hiyo kwa nyingine yenye idadi tofauti ya meno. Baada ya mitambo ya elektroniki kuingia katika miaka ya 1990, kazi ilihamia kwenye programu ya kompyuta ya gari.

Kwenye difu hakuna programu ya kusaidia. Uwiano wa 3.55 ukifungiwa 285 hufanya kazi kama 3.29: injini huzunguka polepole kwa mwendo uleule, jambo linalopendeza kwenye barabara kuu tambarare na kuudhi kwenye mlima, ambapo giaboksi ya otomatiki hupanda na kushuka gia bila kutulia huku mafuta yake yakichemka. Ili kuirudisha vani kwenye nguvu yake ya awali ilihitajika difu ya 3.8 hivi, kwa hiyo mafundi walichagua 3.73 au 4.10. Kwa vani ya magurudumu manne, difu mbili zilibadilishwa kwa pamoja. Gharama hiyo mara nyingi ilizidi bei ya matairi yenyewe, na wengi waliikwepa, wakaendelea kuendesha gari lililopoa.

Breki hupoteza kwa njia hiyohiyo. Nguvu ya kushika kwenye diski haibadiliki, lakini tairi la 285 linaigeuza kupitia nusukipenyo kirefu zaidi, hivyo kwenye lami inabaki asilimia 93 hivi ya nguvu ya kusimamisha kwa ukandamizaji uleule wa pedali. Juu ya hapo, tairi lenye kashata nene lina uzito uliozidi kwa kilo kadhaa, na uzito huo uko pembeni kabisa mwa kitu kinachozunguka.

Tairi halikugusa bodi mahali pamoja tu. Kwenye Econoline tairi refu hukwaruza kwanza nyuma ya tao la mbele, pale bati za bodi zinapounganishwa, na pia ukingo wa chini wa bampa usukani ukikatwa hadi mwisho. Fundi hukunja maungio kwa nyundo, hukata plastiki, na mara nyingi hapohapo huisha. Waliotaka kimo bila kukata walichagua 235/85R16, tairi jembamba lenye milimita 806, karibu sawa na 265/75 kwa urefu lakini lisilofika kwenye bati. Tairi hili la sura ya lori la posta halikuwahi kuwa la fahari, na kwa vani inayobeba mizigo lilikuwa chaguo la busara kuliko yote. Tairi la akiba lilileta kero yake: nafasi ya chini ya sakafu nyuma ilipimwa kwa tairi la kiwandani, na kubwa lilipokataa kuingia likahamishiwa kwenye mkono wa chuma nje ya mlango wa nyuma. Ndipo tairi la akiba la mlangoni likawa alama ya vani za aina hii.

Ukubwa wa tairi haumaanishi uwezo wa kubeba, na hapa waliokosea ni wengi. LT245/75R16 ya daraja la E hubeba kilo 1,380 kwa upepo wa pauni 80. Tairi la 31x10.50R15 la daraja la C, lenye sura ya kutisha zaidi, hubeba takriban kilo 1,020. Manne kwa pamoja hayafikii kilo 4,300 hivi zinazoruhusiwa kwa E-350 nyingi zikiwa zimejaa. Tairi la gari dogo, lenye herufi P, likifungwa kwenye vani au lori dogo hupunguziwa uwezo wake ulioandikwa kwa kugawanywa na 1.1.

Mwaka 2000 jambo hili lilitoka gereji likafika bungeni. Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka katika mwendo kasi na magari kupinduka. Sheria iliyopitishwa mwaka huohuo ilileta sharti la kifaa cha kuonya upepo ukipungua, kilichokuwa lazima kwenye magari mapya mepesi kufikia Septemba 2007. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilionya kuhusu vani za abiria 15: zikibeba watu zaidi ya kumi, uwezekano wa kupinduka katika ajali ya gari moja ni karibu mara tatu ya zikiwa na watu wachache. Kuiinua vani kama hiyo juu ya matairi marefu ni kupandisha kitovu cha uzito ambacho tayari kiko juu. Kulikuwa pia na kifungu cha sheria ya shirikisho, cha mwaka 1974, kinachokataza gereji kulemaza kifaa cha usalama kilichofungwa kiwandani. Hakimgusi mwenye gari akifanya kazi nyumbani kwake. Mfumo wa kompyuta wa kuzuia gari lisiteleze ulipokuwa lazima kufikia Septemba 2011, gereji makini zikaanza kukataa matairi ambayo mfumo huo usingeweza kuyasoma sawasawa.

Vani za mtindo wa Ulaya zilibadilisha uwanja. Sprinter ya Mercedes-Benz iliingia Marekani mwaka 2001 kwa jina la Freightliner, baadaye ikauzwa pia kama Dodge, na Ford Transit ikachukua nafasi ya Econoline mwaka 2014. Ni ndefu kwenda juu, nyembamba, na bodi yake ndiyo chesisi yake. Transit ya kawaida ina matairi ya 235/65R16, yenye inchi 28 tu, na matao yaliyoyabana. Hata hivyo watu walioamua kuishi ndani ya vani walizidi kuongezeka, na kila mmoja wao alitaka kufika mwisho wa barabara ya vumbi. Toleo la 2023 la Transit Trail lilikuwa jibu la Ford: gari limeinuliwa inchi 3.5, magurudumu yametanuliwa, na matairi ya inchi 30.5 yamefungwa kiwandani, yakiwa na dhamana. Kimo hicho ni kilekile ambacho E-350 ya kawaida ilikuwa nacho miaka ishirini kabla. Wanaotaka inchi 33 na kuendelea bado hununua Econoline za mtumba, ambazo chesisi yake inakubali ekseli nzima, na kuzipeleka kwa mafundi wa kuzibadilisha.